Ekra na Shati la Mbayuwayu

"Ukiona mwanaume amevaa shati ya kitenge, haujiulizi ile kitambaa iliyobaki iko inavaliwa na nani?"

Ndivyo Mama Ernestine alivyomuuliza Emilienne siku moja ya mvua ndogo. Alikuwa ameketi kwenye mashini yake ya kushona, pale kwenye baraza wanayogawana, yeye na nguo zake upande huu, Emilienne na studio yake ya foto upande ule. Aliuliza bila kuinua kichwa, uzi ukiwa kati ya meno, kama mtu anayeuliza kama mvua itaendelea.

Emilienne alicheka. Wakati ule alikuwa anacheka upesi, maana alikuwa anapendwa. Lakini neno la mshonaji ni kama sindano iliyoanguka mkekani: huioni mpaka siku unapoikalia.

Mambo yenyewe yalianzia sokoni Kasongo, siku ya soko kubwa, baiskeli zikiwa zimebeba mpunga na mafuta ya mawese mpaka huoni anayezisukuma. Emilienne alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya chungwa na kitambaa cheupe kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Papa Zuberi, yule anayeuza redio, kamba za umeme na paneli za jua. Siku ile Papa Zuberi alikuwa na ekra mbili za ordinatere, yaani vioo vya kompyuta, zimevuka ziwa kutoka Kigoma, zimekwisha kutumika lakini bado nzima.

Emilienne hakuja kwa kupenda vitu. Alikuja kwa sababu ya mzee Gédéon.

Kwao, siku ya kuondoa matanga, foto kubwa ya marehemu huletwa mbele ya watu ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe, na mtoto wa kwanza ndiye anaifunua. Foto ya mzee Gédéon ilitengenezwa na Emilienne. Kwenye ekra yake ya zamani uso wa mzee ulionekana mwekundu kupita kiasi, basi akaupunguza, akaupunguza tena, mpaka ukaonekana sawa. Kumbe aliyekuwa mgonjwa ni ekra, si uso. Kitambaa kilipotolewa, mzee alionekana midomo ya kijani, na chini ya macho kijani. Watu wa mbele walirudi nyuma. Halafu shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee amekuja kuonyesha kilichomuua.

Kabla jua halijazama, Jeanine, mke wa mwana wa mzee, aliyekuwa akimpikia mzee katika ugonjwa wake wote, alikuwa ameshika njia ya Kabambare na mzigo kichwani, maana hakuna aliyetaka tena kula chakula cha mkono wake. Emilienne alikwenda kuwaeleza. Aliapa mbele ya Mungu kwamba ni ekra. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia kifaa hakiwezi kusema uongo, wanaosema uongo ni watu.

Tangu siku ile alipiga magoti kila asubuhi akiomba apate ekra yenye kuonyesha rangi ya kweli.

Basi pale sokoni, alipoweka mkono juu ya ile ekra kubwa kidogo, mkono mwingine ulikuwa umeifikia kwa upande wa pili. Ulikuwa wa kijana mrefu, viatu vyake vyenye udongo mwekundu wa Salamabila, na amevaa shati la kitenge la kupendeza sana: rangi ya zambarau, na mbayuwayu wa manjano wakiruka kutoka tumboni kwenda mabegani.

"Dada, hii niliiona mbele yako."

"Uliiona. Mimi nimeishika."

Papa Zuberi alicheka, akawaambia wasimvunjie meza. Kijana akajitambulisha: Zacharie, ana nyumba ya michezo kule Salamabila. Wachimbaji wa dhahabu wakitoka shimoni, alisema, wanataka kukaa kivulini na kucheza mpira kwenye ekra, na ekra yake ya sasa inachelewa. Mpira ukipigwa unaacha mkia nyuma kama nyota inayoanguka. Mtu anafungwa bao hajui limepitia wapi, halafu wanashikana mashati.

"Kwa hiyo mimi sitafuti sura muzuri," alisema. "Natafuta mbio."

"Na mimi sitafuti mbio," Emilienne akamjibu. "Natengeneza foto za matanga. Watu wangu hawakimbii tena."

Zacharie alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji, kisha akacheka mpaka wauza mchele wakageuka. Emilienne naye akacheka, ingawa hakutaka.

Wakazijaribu pamoja. Zacharie alimwonyesha namba ya herzi, yaani mara ngapi ekra inabadilisha picha katika sekonde moja, akamwambia kwa mchezo ukubwa si kitu, namba ile ndiyo mama wa yote. Emilienne naye akamfundisha njia yake: usikae mbele ya ekra kama mgeni, zunguka uitazame kwa ubavu, uso ukigeuka rangi, iache. Kisha akalipiga foto lile shati, akaunganisha telefone na ekra ya kwanza. Zambarau yote ikawa bluu.

"Hii iko mwongo," akasema.

Ya pili ilionyesha zambarau, lakini ukisogea pembeni mbayuwayu walipauka wote, na Zacharie alipoweka mchezo, mpira ukaburuta mkia wake vilevile. Hawakununua hata moja. Wakaenda kunywa chai, na pale kwenye chai Zacharie akamwahidi.

"Iko ekra yenye kuwa na vyote viwili. Mbio na rangi ya kweli. Nyuma imeandikwa herufi tatu, I, P, S, na herzi zake ni zaidi ya mia. Nitaitafuta mpaka Bukavu. Nikiipata, itakuwa ya sisi wawili."

"Sisi wawili tangu lini?"

"Tangu uninyang'anye yangu."

Foto ya lile shati ilibaki ndani ya telefone ya Emilienne. Hakuifuta.

Basi wakaanza kupigiana. Kule Salamabila rezo ya simu haishuki bondeni. Zacharie alipanda kilima karibu na antena, na Emilienne alisikia upepo kabla ya kusikia sauti. Alimwita Emi, alimwita chérie, alimwita mkaguzi wa rangi. Yeye alimwita Zaka. Alimuuliza kama wachimbaji wameacha kupigana, naye alisema jana mmoja amemshtaki kipa wa kwenye ekra kwamba amekula rushwa. Walipanga studio moja pale Kasongo: asubuhi foto, baada ya mchana michezo, na ekra moja itumikie yote. Zacharie alikuja mara mbili kwa pikipiki, akapita Kabambare na madimbwi yake yote, akafika amepakaa matope mpaka kwenye nyusi, na hakukosa kumletea asali au samaki wa kukauka.

Tena alikuwa mpole. Hilo lazima lisemwe. Alimshonea Mama Ernestine mguu wa kiti kwa waya bila kuombwa.

Lakini hakupiga simu jua likishaanza kulala. Alisema betri. Jumapili hakupiga kabisa. Alisema Jumapili kilima kina watu wengi. Na neno "nyumbani" likitamkwa, mara nyingi rezo ilikatika papo hapo. Emilienne aliyaona yote hayo, moja leo, moja kesho. Hakuyaweka pamoja.

Na alikuwa na sababu ya kuyaweka. Mama yake mzazi aliolewa bila kujua kwamba bwana ana mke mwingine. Alijua siku alipofika na masanduku yake. Aliishi katika chumba cha nyuma, akapika kwenye jiko la nyuma, akafa humo, na siku ya matanga foto iliyofunuliwa haikuwa yake, maana hakuna aliyekumbuka kumpiga foto. Ndiyo maana Emilienne alijifunza kamera. Na ndiyo maana kitu kimoja tu alikuwa amemwomba Mungu kuhusu ndoa: asiingie katika nyumba ya mwanamke mwingine. Alikwisha kukataa wanaume wawili wazuri kwa jambo hilo, na ndugu zake walikuwa wameanza kumwita sista.

Hapo ndipo lilipoangukia lile swali la Mama Ernestine. Baada ya kucheka, Emilienne alimuuliza ana maana gani.

"Kitenge inauzwa pesi nzima, yadi sita, mutoto wangu," mama akasema. "Shati ya mwanaume inakula kidogo tu. Ile ingine, mwanamke anashona robe yake, siku ya sikukuu wanavaa sawasawa, watu wanajua ule ni wa ule. Niko nashona tangu haujazaliwa. Sijaona mwanaume mwenye kununua pesi nzima juu ya mabega yake peke yake."

Emilienne alivumilia mpaka kesho yake. Zacharie alipopiga, alijaribu kuuliza kwa mzaha, lakini mzaha haukutoka. Upepo wa kilima ukajaa sikioni. Zacharie akasema alinunua kipande kilichobaki kwa mwuzaji, si pesi nzima. Akauliza kama yule mama anashona nguo ao anashona maneno.

"Nimeuliza tu, Zaka."

"Hapana. Umepima mimi kama vile unapima ekra. Umenizunguka kwa ubavu."

Simu ikakatika, na safari hii haikuwa rezo.

Mvua kubwa zilianza. Njia ya Kabambare ikakatika, magari yakalala kwenye matope, na habari zilizotoka huko zilikuwa mbaya: mara daraja limechukuliwa, mara watu wenye silaha wameonekana, mara shimo limefukia wachimbaji Salamabila. Emilienne alipiga, telefone haikupatikana. Wino wa kutolea foto ukamwishia na mwingine haukuweza kufika. Alikaa dukani mbele ya ekra yake mgonjwa, ambayo sasa ilikuwa imegeuka ikala wekundu wote, akitazama nyuso za kijani, akawaza kwamba amemfukuza Zacharie kama walivyomfukuza Jeanine: kwa neno la mtu mmoja aliyedhani ameona.

Siku mvua ilipopumzika, dereva mmoja wa pikipiki aliyefika kwa kupitia misitu alimpa bahasha ndogo kutoka Salamabila. Ndani mlikuwa na karte ya telefone tu, ile ndogo ya kuhifadhia foto. Kabla hajaifungua karte, simu ikalia. Namba hakuijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu.

"Naitwa Mama Héritier. Nimekutumia foto ya ubatizo wa mutoto wangu. Naomba unitolee ile kubwa ya kuweka ukutani."

Emilienne alimweleza habari za wino, kwamba itabidi angoje. Yule mama akasema si kitu, atangoja, amezoea. Kisha akaongeza:

"Ila uangalie rangi muzuri, dada. Wanasema we ndiye unajua rangi."

Akakata. Emilienne akaitia karte katika ordinatere, akafungua. Mwanamke mzuri, mnene kidogo, amesimama mbele ya kanisa na mtoto mikononi. Na katika robe yake, kutoka kiunoni kwenda mabegani, walikuwa wanaruka mbayuwayu.

Emilienne akanyoosha mkono aizime ekra. Lakini akatazama tena: robe ilikuwa bluu. Shati la Zacharie ni zambarau. Na kila mtu anajua kwamba kitenge cha mchoro mmoja hutoka kwa rangi nyingi. Soko zima linaweza kuvaa mbayuwayu wale, huyu bluu, huyu kijani, huyu nyekundu, na hakuna anayemhusu mwenzake. Alipumua. Alicheka peke yake. Akashukuru kwa sauti.

Angeweza kuitia ile karte katika telefone yake. Angeweza kufungua foto ya lile shati aliyoihifadhi tangu sokoni, kuiweka kando ya robe kwenye ekra ileile, na kuona kama nalo linageuka bluu. Ni kazi ya kidole kimoja, naye alikuwa akiifanya kila siku kwa nyuso za watu wengine. Hakuifanya. Alijua ekra yake ni mwongo. Ndiyo iliyomtoa Jeanine nyumbani kwake. Lakini siku ile ilisema kile moyo wake ulichotaka kusikia, basi akaiamini kama Injili.

Zacharie alipopatikana, Emilienne ndiye aliyeomba msamaha. Alilia kwenye simu. Kule kilimani Zacharie akasema, "Usilie, Emi. Usiniombe musamaha, tafadhali." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kizito mtelemkoni. Emilienne akadhani ni mapenzi. Labda ilikuwa mapenzi pia.

"Nimeipata," akasema. "Ile yenye vyote viwili. Nakuja nayo. Na nikifika, nataka kumuona Papa Michel."

Papa Michel ni mdogo wa baba yake Emilienne. Ndiye wa kupokea wageni wa ndoa. Emilienne alifagia studio mpaka mlangoni. Alitoa kitenge cha rangi ya chungwa, kile cha sokoni, akakipiga pasi. Mama Ernestine alimshonea kola mpya, akatia lasi, wala hakuuliza neno. Wingu lilikuwa limekaa upande wa mto tangu asubuhi, jeusi, halinyeshi, haliondoki.

Zacharie alifika mchana, shati jeupe chini ya koti la mvua, na katoni imefungwa kwa blanketi na mpira wa gurudumu kama mtoto mchanga. Wino pia aliuleta. Walifungua katoni pamoja. Herufi tatu zilikuwepo nyuma, na namba ya herzi ilipita mia, kama alivyosema. Akaunganisha waya, akaweka mchezo, akampa Emilienne kibonyezo kimoja.

Mpira uliruka bila mkia. Mchezaji akigeuka, unaona mpaka vumbi la kiatu chake. Emilienne, ambaye hakujua kucheza, alifunga bao kwa kubonyeza ovyo, akapiga vigelegele, na Zacharie akasema huyo refa amenunuliwa Kasongo. Walicheka kama siku ile ya sokoni. Na katikati ya kicheko, Zacharie aliweka kibonyezo chini.

"Papa Michel nimekwisha kumtumia neno. Jumamosi wajomba zangu watafika. Sitaki tukae tu hivi. Nataka nikupeleke mbele ya padri. Unakubali?"

"Nakubali," Emilienne akasema. Alilisema upesi, kama mtu anayeogopa mlango utafungwa.

Nje ngurumo ilipiga mara moja, mbali. Mashini ya Mama Ernestine ilisimama, kisha ikaendelea.

"Sasa tuone kazi yako," Zacharie akasema, uso umejaa furaha. "Mbio umeiona. Fungua foto ya mutu, tuone rangi."

Emilienne alifungua kwanza mzee Gédéon. Midomo ya kijani, wazi kabisa. Hata kipofu angeiona. Ekra hii ingemwambia. Alimkumbuka Jeanine na mzigo wake, akajisemea moyoni kwamba atatengeneza ile foto upya, aipeleke yeye mwenyewe mpaka Kabambare.

Halafu, kwa kuwa wino ulikuwa umefika na mteja alikuwa anangoja, akafungua ya Mama Héritier.

Robe ilikuwa zambarau.

Zambarau ya divai, na mbayuwayu wa manjano juu yake. Alisogea kwa ubavu, kwa desturi tu ya kazi. Rangi haikubadilika. Na sasa aliona pia kitu ambacho ekra ya zamani ilikuwa imekizamisha katika giza: kofia ndogo kichwani mwa mtoto, imeshonwa kwa vipande vilivyobaki, mbayuwayu mmoja juu ya paji la uso. Kitambaa hakikupotea hata kidogo. Kila kipande kilikuwa na mtu wake.

Alingoja Zacharie acheke. Angecheka, aseme soko zima linavaa mbayuwayu wale, labda angemwamini tena. Lakini Zacharie alikuwa amesimama. Ekra nzuri ile ilimulika uso wake wote.

"Hii foto," akasema polepole, "alikutumia lini?"

Hapo Emilienne akaielewa ile simu, na ile sauti tulivu iliyosema imezoea kungoja.

Hakulia. Alichukua telefone yake, akaiunganisha, akafungua foto aliyoipiga sokoni, akaiweka kando ya robe. Shati huku, mama na mtoto kule. Mbayuwayu walitoka upande mmoja wakaingia upande wa pili kama wanaruka katika anga moja.

"Mama Ernestine aliniuliza kitu," akasema. "Alitaka kujua ile kitambaa iliyobaki iko inavaliwa na nani."

Zacharie aliitazama ekra aliyoibeba mgongoni kutoka Salamabila, akamtazama Emilienne, akamtazama mtoto mwenye kofia. Mvua ilianza, matone makubwa, juu ya mabati. Akachukua kaske yake ya pikipiki mezani, akapita barazani mbele ya mashini ya kushona, akaingia mvuani.